Foleni ya Asubuhi Richmond

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza bado limetanda juu ya Richmond, na mbele ya jengo la ofisi za Bunge la Virginia foleni imeshafika kona. Ni Januari 2025. Baridi inauma masikio. Mbele yangu yuko mzee mwenye koti la kuwindia, na kifuani amebandika karatasi ya rangi ya chungwa inayong'aa, yenye maneno matatu ya kusema kwamba bunduki huokoa maisha. Nyuma yangu wanawake wawili wamevaa fulana nyekundu juu ya sweta. Nyekundu ni rangi ya akina mama wanaodai sheria kali zaidi za silaha, waliojikusanya baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012.

Kiunoni mwa mzee unaning'inia mkoba wa bastola, mtupu. Tangu 2021 sheria ya jimbo inakataza silaha katika viwanja vya Bunge na majengo ya serikali ya jimbo, kwa hiyo bastola ameiacha kwenye gari. Mlango unapofunguliwa, mmoja wa wale wanawake anamgusa bega na kumuuliza kama goti la mkewe limepona. Mzee anajibu kwamba sasa anatembea bila fimbo. Wanafahamiana. Kila Januari wanakutana hapa, mmoja kuzuia miswada na mwingine kuisukuma, na katika miaka hiyo yote wamejuana mpaka magoti ya wenzi wao.

Nilikuja Richmond kwa sababu ya picha moja niliyoiona mwaka 2020: maelfu ya watu wenye bunduki begani wamejaa barabara za mji, na hakuna risasi iliyolia. Kwa mtu aliyekulia Tanzania, picha ile haieleweki haraka. Kwetu ombi la bastola huanzia serikali ya mtaa na kuishia polisi, na aliyepewa kibali anajua kwamba amepewa ruhusa inayoweza kuchukuliwa kesho. Hapa mtu husema "haki yangu" kama anavyosema "mkono wangu". Nilitaka kuwasikia wakisema hivyo, na kuwasikia wanaowapinga.

Wenyeji wangu mjini ni familia ya Wakongo. Mama wa nyumba nilimfahamu nilipokuwa nikiripoti habari za kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na mumewe namwita shemeji. Shemeji alikimbia Fizi akiwa mtoto, mwaka 1996, akalelewa kambini, akaoa kambini, akaletwa Marekani akiwa na watoto wawili. Sasa anapakia mizigo kwenye ghala nje ya mji. Kiswahili chake kimechanganya Fizi na Kasulu, na ndiye aliyenishusha kwenye foleni ile kabla hajaenda kazini. "Dada," aliniambia nikishuka, "ukirudi jioni nina karatasi nataka unisomee."

Wengi wetu tunadhani sheria za bunduki Marekani hutungwa Washington. Bunge la shirikisho limeweka msingi, hasa kwa sheria za 1968 na 1993, lakini mambo yanayomgusa mwenye bunduki kila siku huamuliwa na majimbo: nani abebe bastola chini ya koti, aingie nayo wapi, aihifadhi vipi nyumbani penye watoto, amuuzie jirani kwa utaratibu gani. Kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa yameacha kudai kibali cha kubeba bastola iliyofichwa. Virginia inakidai kibali hicho, ila anayeibeba wazi kiunoni hahitaji karatasi yoyote. Jimbo hili limekaa katikati, nusu Kusini ya mashamba na makanisa, nusu vitongoji vya wafanyakazi wa serikali ya shirikisho, na ndiyo maana kila upande unaamini kwamba unaweza kushinda.

Tena ni jimbo kongwe katika jambo hili. Juni 1776, kabla Marekani haijatangaza uhuru, Virginia ilipitisha Azimio la Haki lililoandikwa zaidi na George Mason, na kifungu chake cha 13 kikasifu jeshi la raia waliofunzwa kutumia silaha. Maneno kwamba haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha haitavunjwa hayakuwemo. Yaliongezwa katika katiba ya jimbo mwaka 1971. Wanaobandika karatasi za rangi ya chungwa wanakijua kifungu hicho kwa namba, kama mwanakwaya anavyojua namba ya wimbo.

Karatasi hizo ni za Virginia Citizens Defense League, chama kilichoanzishwa 1994 na kuongozwa kwa miaka mingi na Philip Van Cleave. Ni chama cha watu wa kujitolea, nacho mara nyingi huona chama kikubwa cha kitaifa, NRA, kinalegea mno. Silaha yake ya kisiasa ni kuhudhuria. Sikukuu ya Martin Luther King, Jumatatu ya tatu ya Januari, watu wengi hawaendi kazini, na kwa desturi ya Richmond ndiyo siku raia wanapokuja kuwaona wabunge wao. Chama huleta watu kwa mabasi na kuwagawa makundi, kila kundi na ofisi zake za kugonga. Mbunge asiyekuwepo huachiwa salamu kwa msaidizi wake. Bunge lenyewe lina wajumbe 100 na maseneta 40, na vikao vyake ni vya wiki chache tu kwa mwaka, hivyo kundi la watu 300 wenye nidhamu linaweza kumfikia kila mbunge kabla ya chakula cha mchana.

Ukitaka kujua jinsi sheria inavyokufa, nenda kwenye kamati ndogo. Chumba nilichoingia kilikuwa na viti vichache kuliko watu. Miswada kadhaa iliyokataliwa na gavana mwaka uliotangulia ilikuwa imerudi. Kila shahidi alipewa muda mfupi sana, kama wa kuomba maji ya kunywa. Mzee wa koti la kuwindia alisema anaishi milimani kusini-magharibi, na kwamba usiku mmoja alipopiga simu polisi walifika baada ya dakika 40. Aliketi. Mmoja wa wale wa fulana nyekundu akasimama na kueleza kuhusu kaka yake, aliyenunua bastola siku aliyofukuzwa kazi na kujiua siku ya tatu. Naye akaketi. Hakuna aliyejibu, wala si kazi ya kamati kujibu. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua, jambo linalosahaulika kwa sababu kamera hukimbilia mauaji ya halaiki.

Nilimtazama mzee wakati mwanamke yule akizungumza. Alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi.

Mauaji ya halaiki nayo yameandika sheria za jimbo hili. Virginia ilikuwa ya kwanza nchini kuweka ukaguzi wa papo kwa papo: kuanzia Novemba 1989 mwenye duka la bunduki alipiga simu polisi ya jimbo, wakaangalia kumbukumbu za mnunuzi, wakajibu ndiyo au hapana. Utaratibu ulisifiwa, na ulikuwa na tundu. Tarehe 16 Aprili 2007 mwanafunzi mmoja aliua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech, mjini Blacksburg, kisha akajiua. Mwaka 2005 mahakama ilikuwa imemwona ni hatari kwa nafsi yake na kumwagiza atibiwe bila kulazwa. Kwa sheria ya shirikisho mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kununua silaha, lakini jimbo lilikuwa likipeleka kwenye daftari la ukaguzi majina ya waliolazwa tu. Alikaguliwa, akapita, akanunua bastola mbili. Gavana Tim Kaine aliliziba tundu hilo kwa amri ndani ya mwezi ule ule, na Januari 2008 Rais George W. Bush akatia saini sheria ya kuyasaidia majimbo yapeleke kumbukumbu hizo. NRA iliiunga mkono. Inafaa kukumbukwa kwamba kuna siku pande hizi mbili zilivuta kamba upande mmoja.

Baada ya hapo kamba ikarudi kuvutwa pande mbili. Binti ya Lori Haas alipigwa risasi Virginia Tech akapona. Mwana wa Andrew Goddard, Colin, alipigwa risasi nne, naye akapona. Wazazi hao wawili wakawa wageni wa kudumu wa korido za Richmond, wakidai kwamba hata anayeuza bunduki yake binafsi kwenye maonyesho ya silaha alazimike kumkagua mnunuzi. Mswada uliletwa, ukafa. Ukaletwa tena, ukafa, mara nyingi katika kamati ndogo za asubuhi kama ile niliyoiona, wakati mji bado unapiga mswaki. Ilichukua miaka 13.

Kilichogeuza mambo kilitokea Virginia Beach. Tarehe 31 Mei 2019 mfanyakazi wa manispaa aliwaua watu 12 katika jengo la serikali ya mji. Gavana Ralph Northam, daktari wa watoto kwa taaluma, aliitisha kikao maalumu cha Bunge tarehe 9 Julai. Wabunge wa Republican, waliokuwa wengi kwa viti vichache, waliahirisha kikao baada ya kama dakika 90 bila kupigia kura mswada hata mmoja. Novemba wapiga kura wakawapa Democrats mabaraza yote mawili, kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka 20.

Kabla wabunge wapya hawajaapishwa, vijiji vilikuwa vimeshawaka. Katika majengo ya halmashauri na kumbi za shule watu walijaa mpaka wakasimama nje kwenye baridi, wakizitaka kaunti zao zijitangaze kuwa maficho ya Marekebisho ya Pili ya Katiba ya shirikisho, yanayolinda haki ya silaha, yaani kaunti ambazo hazitasaidia kutekeleza sheria za bunduki wanazoziona kinyume cha katiba. Carroll, kaunti ya milimani, ilikuwa imetangulia mwezi Mei. Kufikia Januari kaunti na miji zaidi ya 100 ilikuwa imepitisha azimio la namna hiyo. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Mark Herring, alisema Desemba kwamba maazimio hayo hayana nguvu ya kisheria, na kwa sheria alikuwa sahihi. Waliosimama kwenye baridi walikuwa wanasema jambo jingine: kwamba Richmond haiwajui.

Tarehe 20 Januari 2020 wakaja wajulikane. Kiasi cha watu 22,000, polisi walikadiria. Kama 6,000 waliingia ndani ya uzio wa Capitol, jengo la Bunge la jimbo, bila silaha kupitia lango moja la ukaguzi, na 16,000 hivi walibaki mitaani na bunduki zao. Northam alikuwa ametangaza hali ya dharura na kukataza silaha uwanjani, na Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa kumzuia. Siku chache kabla, makachero wa FBI walikuwa wamewakamata wanaume watatu wa kundi la wabaguzi linaloitwa The Base. Wawili kati yao walihukumiwa miaka tisa jela kila mmoja mwaka 2021, baada ya mahakama kusikia jinsi walivyopanga kuligeuza kusanyiko lile kuwa mwanzo wa umwagaji damu. Mkesha ambao familia za waliouawa hufanya siku hiyo hiyo ulifutwa kwa kuhofia usalama. Kusanyiko lilimalizika mchana kwa amani, na mtu mmoja tu alikamatwa, kwa kosa la kufunika uso.

Wanachama wa vuguvugu hili husimulia siku ile kwa fahari, na wanayo haki: watu 22,000 walirudi makwao bila ya mtu kuumizwa. Mimi nafikiria pia familia zilizofuta mkesha wao. Walikuwa na uwanja ule ule na sikukuu ile ile, na wakakaa nyumbani kwa sababu ya silaha za wenzao. Sijaona namna ya kuliweka jambo hilo kando.

Miswada ilipita. Aprili Northam alitia saini ukaguzi wa wanunuzi katika mauzo ya watu binafsi, wajibu wa kuripoti bunduki iliyoibwa ndani ya saa 48, amri ya mahakama ya kumwondolea silaha kwa muda mtu anayetishia kujiua au kuua, na kikomo cha bastola moja kwa mwezi. Kikomo hicho kilikuwa cha zamani. Douglas Wilder, Mmarekani mweusi wa kwanza nchini kuchaguliwa gavana, alikiweka 1993 kwa sababu bastola za Virginia zilikuwa zikinunuliwa kwa mafungu na kupelekwa kuuzwa New York kwa barabara kuu namba 95. Kikafutwa 2012, kikarudi 2020.

Mswada mmoja ulikufa, na kifo chake ndicho kinachoonyesha thamani ya zile foleni. Mswada namba 961, wa kupiga marufuku uuzaji wa bunduki za mtindo wa kivita na magazini za zaidi ya risasi 12, ulipita Baraza la Wajumbe kwa kura 51 dhidi ya 48. Tarehe 17 Februari kamati ya Seneti iliuahirisha kwa kura 10 dhidi ya 5. Maseneta wanne wa Democrats, chama cha gavana mwenyewe, walijiunga na wapinzani, na wenye karatasi za rangi ya chungwa waliokuwa chumbani wakashangilia. Mswada wa aina hiyo ulipofika mezani kwa gavana mwaka 2024, Glenn Youngkin wa Republican aliukataa pamoja na mingine hata ikafika 30 kwa siku moja. Hata hivyo alitia saini sheria ya kupiga marufuku kifaa kidogo kinachoifanya bastola ifyatue mfululizo. Na sheria zile za 2020, wenye silaha wamezifuata mahakamani moja moja.

Mchana niliteremka kutoka kilima cha Capitol hadi Shockoe Bottom, bonde lililo karibu na stesheni ya zamani ya treni. Soko la watumwa lililokuwa hapa lilizidiwa ukubwa na lile la New Orleans tu. Mwaka 1800 mfua chuma aitwaye Gabriel, mtumwa wa shamba la Prosser, alipanga na wenzake kuingia Richmond usiku, kuteka silaha za serikali na kumkamata Gavana James Monroe. Walifua panga kutoka kwenye miundu ya kukatia nyasi, maana bunduki hawakuruhusiwa. Sheria ya Virginia ya 1680 ilimkataza mtu mweusi kubeba hata rungu. Tarehe 30 Agosti mvua kubwa ikasomba madaraja, siri ikavuja, na Gabriel akanyongwa pamoja na wenzake 25. Leo sehemu ya makaburi ya watu weusi iliyofunikwa kwa lami kwa miaka mingi ni uwanja wa majani, kimya, na magari ya barabara kuu yanapita kando yake.

Pale nilielewa kwa nini baadhi ya Wamarekani weusi wamejiunga na vyama vya wenye silaha, kikiwemo National African American Gun Association kilichoanzishwa 2015. Kwao sheria za mwanzo za kuzuia silaha Virginia zilikuwa na rangi ya ngozi ndani yake. Lakini wapo pia akina mama weusi wa Richmond wanaozika vijana waliopigwa risasi mtaani na kudai sheria kali zaidi. Mji huo huo, historia hiyo hiyo, na majibu mawili. Mimi nasimama na hao akina mama. Ukaguzi wa mnunuzi haumnyang'anyi mzee wa milimani bunduki yake, na dakika zake 40 za kusubiri polisi zinastahili kujibiwa kwa polisi walio karibu. Naisema hukumu yangu wazi kwa sababu hata yeye aliniambia yake wazi.

Nilirudi jioni. Mama wa nyumba alikuwa amepika ugali na sombe, na watoto walikuwa wanagombana kwa Kiingereza. Shemeji alinawa, akala, akasubiri meza isafishwe, ndipo akaleta karatasi yake: nakala ya fomu namba 4473 ya serikali ya shirikisho, ile ambayo kila anayenunua bunduki dukani lazima aijaze. Mwenzake wa ghalani alikuwa amemshauri anunue bastola. Nyumba ya jirani ilikuwa imevunjwa mara mbili tangu Oktoba.

Nikamsomea, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Ndiyo. Umewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa? Hapana. Unatumia bangi? Akacheka. Kisha tukafika kwenye swali la kama mahakama au chombo kingine cha sheria kimewahi kumwona ana matatizo ya akili, au kama amewahi kulazimishwa kulazwa.

Akaniomba nirudie. Nyarugusu, akasema, kulikuwa na miaka alipiga mayowe usiku. Muuguzi wa shirika akamwingiza kwenye kikundi, wakikutana kila Alhamisi chini ya mwembe. Je, hiyo inahesabiwa?

Nilimwambia haihesabiwi. Hakuna hakimu aliyeamuru, hakulazwa, alikwenda mwenyewe.

"Na yule wa chuo kikuu?"

"Naye aliulizwa swali hili."

Alinyamaza kwa muda. Mkewe, aliyekuwa akikausha vyombo na kutusikiliza wakati wote, alikuja, akaikunja fomu mara mbili na kuiweka chini ya kopo la sukari. Alisema zamu ya kesho inaanza saa kumi na moja alfajiri, na mtu mwenye usingizi hasomi karatasi ya serikali. Shemeji hakubisha. Alitazama lile kopo, akatazama mlango na kitasa kipya alichokifunga mwenyewe mwezi uliopita, akainuka kwenda kuzima taa ya nje.